Kivuli cha Kiti cha Bwana Yocum

Black Hills, Dakota Kusini
9 Juni 1978

Wifi Blanka,

Ukitaka kujua hali yangu, miguu imevimba na mengine yote mazima. Yako sikuulizi, maana utaanza na kiuno chako na karatasi itaisha kabla hujafika magotini.

Jana Rosalie alinipeleka kuviona vile vichwa vinne vya marais mlimani. Ni vikubwa, sikatai. Lakini nilisimama nikaangalia, nikaangalia tena, nikajiambia: hawa watu hawana mabega. Wamechonga mpaka shingoni, wakachoka, wakaenda zao. Kaka yako Emil hakuwahi kuacha kazi shingoni. Kiti chake kina miguu, kina mikono, kina egemeo, na upepo ukija kinabembea. Nilimweleza hivyo mlinzi wa hifadhi, kijana mwenye kofia pana. Akacheka. Nikamuuliza anacheka nini, kwani kwao kuna kiti gani. Mjukuu wako akanivuta mkono: "Bibi twende, watu wanatuangalia." Waangalie. Macho hayana kodi. Nimeacha kadi za kiti chetu pale penye vijitabu vya wageni, na nyingine chooni upande wa wanawake.

Huyu msichana gari analijua, lakini ana aibu za kijinga. Kila tukisimama ananiomba nisianze habari za kiti. Nisianze? Babu yake alikusanya mbao za maghala yaliyobomoka, akajenga kila Jumapili baada ya kanisa, peke yake, mpaka majirani wakadhani amerukwa na akili. Na kabla ya kiti hicho Prosek ilikuwa na nini? Mahindi na vumbi. Leo watu wanaiacha barabara kuu kuja kukiona, wanakunywa kahawa, wanakula kolachi zako, vimikate vyako vya jemu, hata zile ulizounguza.

Sasa nisikilize. Bango jipya la barabara kuu liwe tayari tarehe kumi na mbili Agosti, mji unapotimiza miaka mia. Maneno ni yale tuliyokubaliana kanisani: KITI CHA BEMBEA KIKUBWA KULIKO VYOTE DUNIANI. Herufi nyekundu. Mwambie Meya Vavra asituletee tabia yake ya kinyozi ya kupunguza hapa na pale. Utepe nitakata mimi, na gauni nimeshashona. Mwagilia maua yangu. Watoto wa Kucera wakipanda kiti, ufagio uko nyuma ya mlango.

Niandikie posta ya Yellowstone. Wanaiweka barua mpaka mwenyewe aje.

Ni mimi wifi yako,
Alvina Krahulik


Prosek, Nebraska
14 Juni 1978

Wifi mpendwa,

Barua imefika, na kiuno changu, kwa kuwa hukukiuliza, kinauma. Maua yako yanapata maji kuliko mimi. Watoto wa Kucera niliwafukuza kwa ufagio kama ulivyoagiza, kisha nikawaita nikawapa kolachi. Najua utafoka, foka tu.

Bango limeletwa. Limelala nyuma ya duka la kinyozi, limeshapakwa rangi nyeupe, na mchoraji atarudi kuandika. Nilikuwa nalitazama jana nikifikiri. Dunia ni kubwa, wifi. Tukiandika tu KITI CHA EMIL haitoshi? Au KITI KIKUBWA, basi. Mtu akishuka kwenye gari lake ataona mwenyewe kuwa ni kikubwa, hatuna haja ya kumtolea ushahidi wa dunia nzima. Emil mwenyewe, unakumbuka, alikuwa akisema "kile kiti" tu. "Naenda kule kwenye kile kiti." Sikumsikia hata mara moja akiitaja dunia.

Ni mawazo tu. Usikasirike.

Wako,
Blanka


Yellowstone
19 Juni 1978

Wifi,

Nimekasirika.

Barua yako nimeisoma nimekaa kwenye benchi, na umati wa watu unaingojea ile chemchemi yao irushe maji. Inajiweka kama bibi harusi anayejua kuwa bila yeye hakuna harusi. Halafu ikarusha. Maji yakapanda, moshi ukatanda, watu wakapiga makofi kana kwamba maji yana masikio. Ni kitu cha kuona, nasema kweli. Lakini wewe ulikuwa umeshaniharibia siku.

Tangu lini ukawa na habari za dunia? Umefika wapi wewe, Omaha, tena kung'oa jino? Mimi darasa la saba sikulifikia na sikufundishwa kufunga maneno kwa karatasi ya zawadi, kwa hiyo lipokee lilivyo: una kijicho. Kaka yako amekufa akaacha jina, na wewe linakuwasha. Unataka kiti chake kiitwe kiti tu, kama vile vibovu vya jikoni kwako vinavyochana watu soksi.

Bango litaandikwa kama lilivyopangwa. Rosalie amesoma barua hii na kusema ni kali mno. Nimemwambia ukali huu ndio uliomsomesha mama yake.

Dubu nimemwona pia. Alituangalia akaenda zake. Ana adabu kuliko wengine.

Alvina


Prosek
23 Juni 1978

Wifi Alvina,

Matusi nimeyapokea, nimeyatia kabatini pamoja na ya miaka iliyopita. Nafasi bado ipo.

Naomba jambo moja tu. Mkitoka Utah msishike ile barabara ya zamani ya Arizona. Joto la kule linaua watu wa umri wetu. Korongo Kuu mnaweza kuliona kwa upande wa kaskazini, kuna miti na kuna baridi, kisha mkaingia California kwa njia nyingine. Mwambie Rosalie atazame ramani. Niahidi.

Blanka


Korongo Kuu, Arizona
29 Juni 1978

Blanka,

Korongo tumeliona. Linakwenda chini sana.

Joto lipo kama ulivyosema. Rosalie hasemi nami tangu juzi. Anakaanga mayai, anayaweka mbele yangu, anatoka nje ya gari.

Nina swali, na barua hii usimwonyeshe mtu. Emil alikipima kiti kwa futi gani, ile ya chuma au ile yangu ya kushonea? Ya kitambaa ikilowa hurefuka na kudanganya. Kipimeni upya. Muanze chini kabisa ardhini mpaka ncha ya juu, msiache hata ukucha. Kisha niandikie namba peke yake, bila maneno.

Nimepoteza mwavuli wangu. Usiniulize wapi.

Alvina


Korongo Kuu
30 Juni 1978

Shikamoo Bibi Blanka,

Bibi hajui kama nakuandikia. Amekaa ukingoni mwa korongo tangu asubuhi, ameligeuzia mgongo. Watu wametoka Japani kuja kuliona na yeye anatazama maegesho ya magari.

Ulipomwandikia asipite barabara ya zamani, alikunja barua yako na kuniambia, "Geuza gari. Blanka ana kitu anakificha huko." Unamjua. Ungemwambia apite huko, angekataa.

Hakuna cha kuona kwenye barabara ile, Bibi. Mji mmoja umekufa, mwingine unakata roho. Halafu tukakiona kiti. Kipo nyuma ya kituo cha mafuta kisichouza mafuta tena, kimepakwa kijani, na egemeo lake linatupa kivuli kirefu ambamo wameweka mabenchi. Familia mbili zilikuwa zinakula pale. Kibao kilikuwa kimoja, kidogo: KAENI. MAJI YAPO. Hakisemi kitu kingine chochote.

Bibi alishuka na futi yake. Akanipandisha ngazi. Nilipomsomea namba aliniambia nimeishika futi vibaya, nikapanda tena. Kinakipita cha Babu, Bibi Blanka. Kinakipita kwa kimo cha mtu mzima na zaidi.

Mwenye kiti, mzee mmoja mwembamba, akatoka ndani na maji kwenye kikombe cha bati. Bibi akamwambia mbele ya wale watu: "Umeiba wazo la marehemu mume wangu. Watu kama wewe mnakula jasho la maiti." Yule mzee hakubisha. Akasema, "Kunywa kwanza, mama. Jua kali." Bibi akakipiga kile kikombe kwa mwavuli.

Kiliviringika mpaka kwenye miguu ya mtoto. Watoto wakabaki na mikate midomoni. Mzee akainama taratibu, akakiokota, akakifuta na shati lake, akarudi ndani kujaza tena. Tuliondoka kabla hajatoka.

Usukani nilikuwa nao mimi. Ningeweza kungoja atoke, sikungoja. Hilo linanisumbua kuliko yote.

Wewe ulijua, sivyo?

Mjukuu wako,
Rosalie


Arizona, barabara ya zamani
3 Julai 1978

Kwa wenye Kiti, Prosek, Nebraska

Sina desturi ya kuwaandikia watu nisiowafahamu, mniwie radhi. Juma lililopita alipita hapa mama mmoja na msichana, wakasahau mwavuli. Ubavu wake mmoja ulikuwa umepinda, nimeunyoosha. Naurudisha pamoja na barua hii. Chini palianguka pia kadi ya kiti chenu, ndipo nilipopata anwani.

Kadi nimeitazama sana. Aliyeunga ile mikono alizijua mbao. Mama yule alisema ni mumewe na kwamba ametangulia. Mimi ni mgane, najua mtu anavyokishikilia kilichobaki.

Changu sikukijenga kushindana na mtu. Barabara mpya ilipotuhama, walioendelea kupita huku hawakuwa na mahali pa kupumzika, maana hakuna mti hata mmoja. Marehemu mke wangu akasema tuwape kivuli. Nilikuwa na nguzo za simu zilizoachwa, simu yenyewe walishaiondoa. Tukafanya kiti ili watoto wafurahi. Kimekuwa kikubwa kwa sababu jua la huku ni kali na benchi ni ndefu.

Kadi yenu inasema chenu ndicho kikubwa kuliko vyote duniani. Nisingependa mama yule aonekane mwongo kwa sababu yangu. Kwa kimo kilichoandikwa kwenye kadi, nikikata sehemu ya juu ya egemeo, changu kitashuka chini ya chenu. Msumeno ninao. Niambieni tu.

Wenu,
Lester Yocum


Msituni, California Kaskazini
9 Julai 1978

Wifi,

Namba uliyonitumia nimeikuta posta. Ni ile ile ya Emil. Hakukosea. Hakuwahi kukosea vipimo, sijui kwa nini niliuliza.

Tuko kwenye miti mikubwa. Ukisimama chini yake shingo inauma na bado juu hujakuona. Nikamuuliza mlinzi wa hapa, mwanamke mnene mwenye mafua, kama huu tuliosimama chini yake ndio mkubwa kuliko yote duniani. Akasema hajui, labda kuna mwingine huko ndani unaoupita, hakuna aliyeupima. Nikamuuliza kwa nini hawaendi kupima. Akapenga kamasi, akasema, "Ili iweje, bibi?"

Neno hilo limenikaa. Nimelala nalo, nimeamka nalo.

Rosalie sasa anasema nami, lakini kwa heshima. "Ndiyo, Bibi. Hapana, Bibi." Mjukuu akikuheshimu bila kukutania, ujue amekuhukumu.

Mwambie mchoraji asiandike bango kwanza. Sababu usiitaje. Sema rangi ile nyekundu nimeikataa.

Alvina


Prosek
13 Julai 1978

Wifi yangu,

Barua hii ninaituma kwa haraka, naomba Mungu muikute San Francisco. Kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Mwavuli wako umerudi. Umetumwa na mwenyewe, yule mzee wa Arizona, anaitwa Lester Yocum. Umenyooshwa ubavu. Habari ya kikombe ninayo, usimkemee Rosalie, alihitaji mtu wa kumwambia.

Mzee hakukulalamikia. Aliandika kwamba yuko tayari kukikata kiti chake kwa juu, kishuke chini ya cha Emil, ili usionekane mwongo. Bahasha ilikuwa imeandikiwa "wenye Kiti", posta wakampelekea meya. Vavra akaisoma kwa sauti pale kwenye duka lake la kinyozi, mtu mmoja akiwa na sabuni nusu ya uso. Wakapiga makofi. Wakasema kumbe kuna waungwana bado. Akajibu siku ile ile: tunashukuru, kata.

Nilikuwepo, Alvina. Nilikuwa nimewapelekea kolachi. Nilishika sahani yangu na sikutamka neno.

Na la pili. Habari ya kiti kile nilikuwa nayo, dereva mmoja wa lori alinieleza akinywa kahawa. Sikukwambia kwa kuogopa mdomo wako. Nikajaribu kukuzungusha, mara bango, mara joto. Kumbe nilikuwa nakuonyesha njia.

Mchoraji ameshaandika bango. Na yule mzee hana simu. Wewe uko karibu naye kuliko mimi.

Blanka


Nyumbani kwa Bwana Yocum, Arizona
20 Julai 1978

Wifi Blanka,

Tumechelewa.

Ile barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi za posta, na lile daraja lao jekundu linaonekana kule mbele limejifunika ukungu. Sikulitazama. Nilimwambia Rosalie tugeuze, na kwa mara ya kwanza safari hii hakuuliza. Tulivuka jangwa kuna joto la kupasua fuvu, yeye anaendesha, mimi namlowesha kitambaa cha shingo. Nilikuwa nikiomba kitu ambacho sijawahi kukiomba maishani, kwamba mwanamume awe mvivu.

Si mvivu. Tulipokikaribia niliona mbingu mahali palipokuwa na mbao. Vipande viwili vimelala chini, rangi ya kijani kwa nje na kwa ndani vyeupe kama nyama ya kuku. Barua ya Vavra ilimfikia akaifanyia kazi siku ile ile. Aliona ni adabu kutotuchelewesha.

Alikuwa kwenye benchi. Alinitambua kabla gari halijasimama, akainuka, akaingia ndani. Nikadhani anakwenda kufunga mlango, nikasema ni haki yake. Akatoka na maji. Kikombe ni kile kile, Blanka, kimebanduka rangi ukingoni pale nilipokipiga. Nilikishika kwa mikono miwili nikayanywa yote.

Halafu nikamwomba msamaha. Neno lenyewe nilikuwa sijalitumia muda mrefu, lilitoka limepinda, nikalirudia. Akasema hakuna shida, mama, mimi mwenyewe nimezeeka, kupanda huko juu kupaka rangi kulikuwa kunanichosha. Ni uongo. Rangi ya kule juu ilikuwa mbichi bado. Amenidanganya kama unavyomdanganya mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni, unasema ni maji yamemwagika.

Nikamwambia avirudishe vile vipande, tutashika ngazi mimi na Rosalie. Akanionyesha alipokata. "Emil wako angekwambia, mama. Mbao hukatwa mara moja." Kweli angeniambia.

Alasiri ilikuja familia moja na watoto. Wakakaa kula. Jua lilipoinama, kivuli ambacho zamani kilifika mwisho wa benchi kikaishia katikati. Mama yao akawavuta watoto wakabanana. Hawakulalamika, wao wanadhani ndivyo kilivyo siku zote. Mimi ninajua kilikuwa kinafika wapi. Nikaenda nikakaa upande wa jua, na Bwana Yocum akaniita, akaniita tena, sikuhama.

Sasa kiti cha Emil ndicho kikubwa kuliko vyote, kwa kadiri ninavyojua. Bango linasema kweli. Nimeshinda, wifi, na sijui uso wangu niuweke wapi.

Kile kijicho nilichokusingizia kirudi kwangu. Na viti vyako vya jikoni havina neno, soksi zangu ndizo nyembamba.

Ameniruhusu nichukue kipande kimoja. Tumekifunga juu ya gari. Kuna mahali pengi pa kuona njiani, ramani ya Rosalie imejaa alama, lakini nimemwambia tunarudi nyumbani.

Alvina


Prosek, Nebraska
15 Agosti 1978

Bwana Yocum,

Uliniomba nisikuandikie habari za shukrani wala msamaha tena, kwa hiyo nakuandikia habari za bango.

Siku ya mji ilikuwa Jumamosi. Kulikuwa na matarumbeta, watu wakacheza polka mavumbini, wanawake wakashindana kwa mikate. Bango lilikuwa limefunikwa shuka, na utepe mbele yake. Meya wetu, ambaye ndiye kinyozi wetu, akanipa mkasi na kusema mjane wa Emil Krahulik aseme maneno mawili. Nikasema. Niliwaambia kiti chako kilikuwa na kimo gani na nani alikifupisha. Hilo wengi walikuwa wanalijua kutoka kwa kinyozi. Kisha nikawaambia la kikombe. Hilo walikuwa hawalijui.

Bwana Yocum, nimekaa mji huu maisha yangu yote, na watu hawa nimewakemea wote, mmoja mmoja, tangu ubatizo wao. Siku ile waliangalia sahani zao. Wakatafuna polepole ili wasije wakaulizwa kitu. Meya akajikohoza, akasema hata hivyo, Bi Alvina, kwa sasa bango si linasema kweli? Nikamwambia, "Kweli ya mwizi, Vavra. Ng'ombe yuko zizini kwake, na anasema huyu ni ng'ombe wangu."

Mkasi nikampa wifi yangu Blanka, akaukataa. Rosalie akaukataa. Mwishowe Vavra alikata utepe mwenyewe, ndiyo kazi yake, kukata.

Jana wakapiga kura kama libadilishwe. Kura za kulibadilisha zilikuwa mbili, yangu na ya Blanka. Kwa hiyo bango limebaki pale barabarani na herufi zake nyekundu, na sina nguvu ya kulishusha. Nakwambia mwenyewe usije ukasikia kwa dereva wa lori.

Lakini kiti ni cha mume wangu na kiko kwenye ardhi yangu. Kile kipande chako nimekigongomea chini kwenye mguu wake, mahali ambapo kila mgeni lazima apite. Blanka amekiandika kwa rangi iliyobaki: HIKI NI KIPANDE CHA KITI CHA LESTER YOCUM, ARIZONA, KILICHOKUWA KIKUBWA KULIKO HIKI. MUULIZE BIBI. Mimi ndiye bibi. Nakaa hapo tangu asubuhi, na wanauliza. Nikiwaeleza, wengine wanacheka, wengine wanajifanya wana haraka. Mtoto mmoja kutoka Iowa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa nini nilikipiga kikombe na wewe ulikuwa unanipa maji. Mama yake akamfinya. Nikamwambia amwache, swali ni zuri. Jibu lake nalitafuta tangu jana.

Oktoba Rosalie atanileta huko kwako. Tunakuja na miche ya miti ya kwetu, ile inayomwaga pamba hewani. Sisi watu wa Nebraska tulikuta nchi haina miti na tuliipanda kwa mikono, kwa hiyo usiniambie kwamba haitashika. Maji ya kumwagilia nitabeba mwenyewe. Kivuli chake sitakiona, wala wewe, lakini benchi itakiona.

Mpaka hapo, nakuomba usikate kitu kingine kwa ajili ya mtu yeyote, hata akikutukana.

Wageni wangu nawaelekeza kwako. Wakifika, wakalishe kivulini. Mimi nikifika, nikalishe upande ule mwingine.

Alvina Krahulik